Babu wa Bosi Zeng na Viatu vya Mama Ndeshi

Nyinyi mnaokwenda Guangzhou siku hizi na simu inayowasemea Kichina, nawaonea wivu kidogo na huruma kidogo. Wivu, kwa sababu Kichina changu mimi kilikula ujana wangu na nywele zangu za mbele. Huruma, kwa sababu simu haijui kukaa chini ikanywa chai na mtu. Nimestaafu sasa, magoti yananisumbua, na kila wiki anakuja kijana hapa Morogoro kuniuliza, "Mzee, nipe namba za viwanda." Namba sina. Nina habari za kazi, na kama hamna haraka ya basi, kaeni niwape.

Serikali ilinipeleka Uchina kusomea umwagiliaji. Nilisoma, nikafaulu, na sijawahi kumwagilia hata bustani ya mchicha. Marehemu mama yangu mpaka anaingia kaburini alikuwa akiwaambia majirani kwamba mwanawe ni injinia, nami sikumsahihisha. Ukweli ni kwamba mwishoni mwa miaka ya tisini wafanyabiashara wetu walianza kufika Guangzhou mmoja mmoja, wakitokea Bangkok na Hong Kong, wengine hawana Kichina wala Kiingereza, na mwanafunzi mwenye njaa anayejua kusema "punguza bei" alikuwa mali. Nikaanza kwa kumsindikiza mtu mmoja kununua redio. Nikaja kustukia nimekuwa mkalimani na mfungashaji mizigo, nimepanga chumba Sanyuanli juu ya ofisi ya kusafirisha kontena, na vitabu vya umwagiliaji navitumia kuegemeza dirisha lisijifunge.

Mnaniambia maonyesho ya biashara yako Pazhou na treni inawashusha karibu na mlango. Hongereni. Wakati wetu hakuna aliyekutuma Pazhou. Tulitembea kwa miguu kutoka ghala hadi ghala, na mashine ya kukokotolea ndiyo iliyokuwa lugha yetu ya taifa: wewe unabonyeza, laoban anabonyeza. Laoban ndiye bosi, mwenye duka. Akikwambia "mei you" maana yake hakuna, lakini msidhani kila "hakuna" ni hakuna. Ipo hakuna ya bidhaa kwisha, ipo hakuna ya sitaki kukuuzia, na ipo hakuna ya umenichosha, kesho njoo. Kazi ya mkalimani ni kujua ameambiwa ipi.

Aliyenifundisha hayo ni Bwana Kombo, Mpemba aliyekuwa akisomea tiba na alikuwa ameishi huko miaka mingi kabla yangu. Siku ya kwanza alinitazama nikibishana bei na muuza mikanda, akanivuta pembeni. "Wewe mtu wa bara, kwani wafukuzwa?" akaniuliza. "Kaa kitako. Ukisimama wakupa bei ya mpita njia." Nikaanza kukaa. Tangu hapo sijanunua kitu cha maana nikiwa nimesimama, hata hapa Morogoro, na muuza nyanya wangu anaona nina kasoro.

Mengine nilijifunza kwa kuumia. Mama mmoja wa Tabora nilimpeleka Yide Lu, mtaa wa madaftari, midoli ya watoto na dagaa wakavu, tukanunua madaftari mazuri yenye picha ya paka jaladani. Tulifungua katoni ya juu, tukatazama paka, tukaridhika. Tabora kufungua ndani, hakuna mistari. Ni viboksi kurasa zote, maana Mchina anafundisha watoto kuandika kila herufi ndani ya kiboksi chake. Nilikwepa simu zake wiki nzima. Kumbe mwalimu mmoja wa darasa la kwanza aliyapenda, akawaambia watoto waandike herufi moja kila kiboksi, na mwandiko wa darasa lile ukawa gumzo. Mama yule aliagiza tena. Pamoja na hayo, nyinyi fungueni katoni ya katikati, na mfungue daftari lenyewe.

Na kiatu cha shule, kikunje mpaka pua iguse kisigino. Kinuse. Pindua soli uone kama kuna uzi au ni gundi tupu. Kisha kiloweke kwenye ndoo ya maji wakati mnakunywa chai na bosi, na usione haya kuomba ndoo. Hili la ndoo nililijua baada ya Mama Ndeshi, na kwa sababu yake. Huyu ndiye niliyekusudia kuwasimulia.

Mama Ndeshi alikuwa Mchaga mwenye duka Babati, mjane, mwembamba, anayetembea kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Msimu mmoja alinunua kwa Bosi Zeng, mwenye duka la jumla ghorofani pale Sanyuanli, viatu vyeusi vya shule. Mimi sikuwepo, alikuja na mkalimani mwingine. Viatu vikafika, vikauzwa, wazazi wakafurahi. Masika ilipoingia, soli zikaachia. Watoto wakawa wanakwenda shule na viatu vilivyofungua midomo, kisha na ndala, kisha pekupeku.

Wazazi wakaja dukani. Sasa mnajua wenyewe dukani kwetu ukirudisha kiatu ulichokwisha kuvaa utaambiwa nini. Mama Ndeshi hakusema hivyo. Alisema, "Kaeni navyo. Nitaleta vingine, jozi kwa jozi." Vingine vitatoka wapi, hakujua. Hela ya vile vibovu alikuwa ameshaizungusha kwenye mzigo mwingine.

Kipindi hicho hicho diwani wa kata yao akafariki, uchaguzi mdogo ukatangazwa kwa miezi ya mbele, na watu wa soko wakamwendea Mama Ndeshi: gombea wewe. Aliwajibu kwamba hawezi kupanda jukwaani kuwaahidi watu barabara wakati viatu alivyowaahidi hawajaviona. Viatu kwanza. Wakati wa kuchukua fomu ukifika viatu havijaja, atafutwe mtu mwingine. Alikuwa anautaka udiwani ule, alikuja kuniambia baadaye, alikuwa anautaka mpaka usingizi unapaa. Ndiyo sababu alifunga jozi za viatu vibovu ndani ya shangazi kaja, lile begi la mistari mnalolijua, akapanda nalo ndege kulirudisha Guangzhou. Safari hii alikuwa ameelekezwa kwangu; nilipompokea nilimwamkia, nikanyoosha mkono kulibeba. Nusura liniteguze bega.

"Mama, umeleta nini?"

"Ushahidi," akasema.

Nilijaribu kumweleza njiani kwamba huko mali ikishatoka dukani imetoka. Hakunisikiliza. Tulipoingia kwa Bosi Zeng, hakukaa. Alifungua begi katikati ya duka, akapanga viatu sakafuni, midomo wazi, kisha akatoka koridoni akaanza kuita watu kwa Kiswahili. "Njooni muone. Njooni nyote muone." Wauzaji wa maduka ya jirani wakaja, Mkongo mmoja aliyekuwa ananunua mikoba akaja, wapishi wa ghorofa ya chini wakaja na miko yao. Ndivyo tunavyofanya kwetu: ukidhulumiwa sokoni unaita majirani, wazee wa soko wanasikiliza pande mbili, yanakwisha. Mama Ndeshi alikuwa anaitisha baraza.

Bosi Zeng alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye masikio makubwa. Masikio yale yakawa mekundu. Akavitazama viatu, na chapa yake ipo kwenye kila soli, akasema, "Mei you. Si vyangu." Kisha akageukia wateja wengine kana kwamba sisi ni upepo.

Tulikusanya viatu kimoja kimoja, watu wakitutazama. Ngazini Mama Ndeshi akanigeukia.

"Aniuzie hadharani, halafu mimi nilalamike kwa kunong'ona?"

"Mama, hapa ukimwitia watu umemzibia mlango wa kutokea. Hata akitaka kukubali hawezi tena."

"Na mimi, mwanangu, mlango wangu wa kutokea uko wapi?"

Nilimnunulia tambi, hakula.

Nikamwendea Bwana Kombo. Alicheka kwanza, maana alikuwa mtu wa kucheka kwanza, kisha akatuambia turudi kesho yake bila begi, tukae, tunywe chai, na neno viatu lisitajwe. "Pana picha ya mzee ukutani kwake, kavaa joho na kofia," akasema. "Muulizeni huyo nani."

"Yaani nimevuka bahari kuja kuuliza habari za picha?" Mama Ndeshi akasema. Lakini alikwenda, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda.

Bosi Zeng alitukaribisha kama vile jana haikuwepo. Chai ikaja kwenye vikombe vidogo vya kumezwa mara moja. Mama Ndeshi, kwa malezi yake, hakuweza kutazama mwanamume akihangaika na birika, akalichukua akawa anamimina yeye. Kila akimimina, Bosi Zeng anagonga meza kwa vidole viwili, tok tok.

"Ananiharakisha?" akaniuliza kwa sauti ya chini, jicho kali.

"Anakushukuru, Mama. Ndivyo wanavyoshukuru."

Alimtazama tena yule bwana, akamwongeza. Kisha akainua kidevu kuelekea ukutani. "Muulize, yule mzee ni nani?"

Vijana, ningekuwa nimejua kwamba swali moja linaweza kumfungua mtu hivyo, ningeliuliza tangu mwaka wa kwanza. Yule alikuwa babu wa babu yake, mfanyabiashara wa chai wa karne ya kumi na tisa, hapo hapo Guangzhou, enzi za meli za wageni kuja kupakia chai mtoni. Alianza akiwa mchukuzi wa masanduku, akawa mwonjaji, akawa na ghala lake na muhuri wake. Meli ilichukua chai leo ikarudi mwakani. Sanduku likifunguliwa huko ng'ambo likakutwa limeoza, lilirudishwa na msimu mpya, muhuri wa mzee ukiwa bado juu. Yeye hakubishana. Aliwaambia vijana wake wapakie sanduku jingine katikati ya shehena mpya, bila kusema neno, wala mnunuzi hakusema neno. Kusema kungewaaibisha aliyeonja na aliyeuza. Walihesabu tu, wakaona limo.

Alipokuwa tajiri akanunua cheo. Bosi Zeng alilisema hilo bila haya, na mimi nilimfafanulia Mama Ndeshi kwamba enzi hizo mfalme aliuza vyeo kwa njia halali, tajiri analipa anapewa joho. Wenzake wengi walilivaa nyumbani kupigia picha. Mzee yule aliomba kazi yenyewe. Akapewa kutawala wilaya moja kandokando ya mto, na watu wa huko wakamcheka: muuza chai anajua nini? Akajenga tuta la kuzuia mafuriko. Mwaka wa mafuriko, tuta likapasuka, mashamba yakazama. Maofisa wenzake walikuwa wameshaandika kwamba mvua ile ilikuwa ya ajabu, ya mbinguni, hakuna wa kulaumiwa. Ilikuwa anyamaze tu. Akasimama mbele ya watu, akasema, tuta ni langu, mawe yalikuwa mabovu na mimi ndiye niliyeyapokea. Akalijenga upya kwa mali yake mpaka mali ikaisha. Wakubwa wake walimvua cheo, kwa sababu ofisa anayekiri kosa anawaumbua walio juu yake. Akarudi hapa kuuza chai rejareja, akiwa mzee.

Nilikuwa natafsiri sentensi kwa sentensi, nami natokwa jasho, maana kadiri bosi anavyosimulia ndivyo anavyopunguza mwendo. Alipofika kwenye mawe mabovu alitazama pale sakafuni palipopangwa viatu jana.

Mama Ndeshi akamwongeza chai. Hakuuliza viatu. "Muulize, alipovuliwa cheo, watu wa kule mtoni walimwitaje?"

"Mheshimiwa," Bosi Zeng akajibu. "Mpaka anakufa. Walikuwa wanasafiri siku kadhaa kuja kununua chai kwake."

Mama Ndeshi aliweka kikombe chini. Niliona macho yake yamejaa. "Mwambie na mimi nimeombwa kugombea cheo kwetu. Kidogo tu, cha kata. Sijakubali."

"Kwa nini?"

Akanitazama, tukakumbuka masharti ya Bwana Kombo. "Mwambie kuna kitu niliwaahidi watu, sijawatimizia."

Masikio ya Bosi Zeng yakawa mekundu tena. Akamimina chai, akaimwaga, akamimina nyingine. Kisha akasema kwamba angependa kumpa mgombea zawadi. Viatu vya watoto wa shule, katoni kadhaa, kwa heshima ya cheo chake kitakachokuja. Nilitaka kumrukia nimkumbatie. Nikatafsiri upesi.

"Hapana," Mama Ndeshi akasema.

Nilidhani hakunielewa, nikarudia.

"Nimekuelewa, mwanangu. Mgombea anayegawa viatu vya zawadi anaitwaje kwetu? Watasema nimenunua kura kwa watoto wao. Mimi nataka vile nilivyouziwa vibovu, nibadilishiwe. Zawadi sitaki."

Hapo ndipo kazi yetu inapouma. Mmoja hawezi kusema anabadilisha, kwa sababu jana mbele ya watu amesema si vyake. Mwingine hawezi kupokea zawadi. Na katikati nimekaa mimi, ninayeweza kumwambia huyu hiki na yule kile, wote wakatoka wanacheka, na Babati ikamzomea Mama Ndeshi miezi mitatu baadaye. Vijana, jaribu la namna hiyo litawafika. Nilitafsiri kama ilivyosemwa, nikiona uchungu kila neno. Bosi Zeng alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema basi. Mama Ndeshi kwa hela aliyokuwa nayo akaagiza katoni chache za ndala, ili asirudi mikono mitupu. Nikamsindikiza uwanja wa ndege. Tulipoagana aliniambia nimshukuru Bwana Kombo, na kwamba ile habari ya mzee wa chai imemfaa hata kama viatu havikupatikana. Sikumwamini. Nilirudi Sanyuanli nikiwa mnyonge kama niliyefiwa.

Baada ya siku chache nilikuwa ofisini chini ya chumba changu, natia alama mizigo ya kontena. Alama mtieni pande zote za katoni, na juu pia, kwa maana wapakiaji wana kipaji cha kugeuzia jina ukutani. Mzigo wa Bosi Zeng ukaletwa na mkokoteni. Nikahesabu ndala, zimetimia. Lakini mkokoteni haukwisha. Katikati ya katoni za ndala zilikuwemo nyingine, kubwa, zisizo na maandishi. Nikafungua ya katikati. Viatu vyeusi vya shule. Nikapindua soli: uzi, safu mbili. Nikatia kimoja kwenye ndoo, nikakaa nikikitazama kama mwendawazimu, na hakikuachia.

Nilikimbia mpaka dukani kwake. "Laoban, kuna katoni zimezidi."

Alikuwa anakula wali. Hakuinua hata macho. "Mei you," akasema. "Hakuna kilichozidi. Hesabu vizuri."

Nimeambiwa "mei you" maisha yangu yote, na hakuna iliyonifurahisha kama ile.

Kontena lilifika Dar, likatoka bandarini kwa taabu zake, viatu vikafika Babati. Mama Ndeshi alivibadilisha sokoni, mchana, mbele ya watu: unaleta kibovu, unachukua kizima. Asiye na kibovu hapati. Akaja mama mmoja mikono mitupu, mtoto pekupeku, akaomba jozi moja tu. Mama Ndeshi alimnyima. Alilia alipokuwa akimnyima, lakini alimnyima, kwa kuwa jozi ile ingekuwa ya kura. Uchaguzi ulipokwisha ndipo alipomtafuta.

Hayo, ila hilo la mwisho, alinisimulia kwenye simu. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kibanda cha kupigia, Mkenya nyuma yangu akinilalamikia, "Buda, maliza bana," na mimi naziba sikio moja.

"Na udiwani, Mama?"

"Nimechukua fomu jana," akasema.

Nilimpelekea Bosi Zeng habari hiyo kesho yake, nikitegemea atafurahi. Alifurahi kweli, nilimwona. Kisha akasema, "Mwambie akishinda asinunue tena kwangu. Wala kwa ndugu yangu."

Nikashangaa. Mama Ndeshi alikuwa mteja mzuri, na wateja wa Afrika wakati ule hawakuwa wengi. Nikamuuliza kwa nini.

"Ofisa akinunua kwangu, watu wake wataanza kujiuliza vile viatu vilikuwa vya nini."

Nilipomfikishia Mama Ndeshi kwenye simu, aliniomba nirudie neno kwa neno. Bei za Bosi Zeng ndizo zilizokuwa zimelikuza duka lake. "Mwambie nimekubali," akasema mwishowe. "Na chai je? Muulize kama chai naruhusiwa."

Nikauliza. Bosi Zeng alilifikiria kwa makini, kama anavyofikiria bei. Akasema chai anaruhusiwa, ila majani alete ya kwao.

Alishinda. Mwaka uliofuata alipokuja kununua mzigo kwenye jengo jingine kabisa, kwa bei mbaya zaidi, tulipanda ngazi zile zile tukiwa na pakiti ya majani ya chai ya Lushoto. Bosi Zeng akayachemsha, akaonja, akakunja uso. Halafu akasogeza kikombe chake aongezwe, na Mheshimiwa Diwani akammiminia.